Uji wa Udongo Uliouacha Bila Maandishi

Wifi yangu Salome,

Bakuli halikuvuja. Aliyetamka ni Hadija, leo saa nne asubuhi, akiwa amepiga magoti mbele ya meza ya karakana. Jana saa nne tulilijaza mchuzi wa moto, tukaliweka juu ya ukurasa wa gazeti, tukaliacha hapo mchana na usiku kucha. Leo akaliinua, akaupapasa ukurasa kwa kiganja, kisha akauweka shavuni. Akasema, "Shangazi, kavu. Kavu kabisa." Nami nikaupapasa, maana habari ya shahidi mmoja haitoshi. Kavu.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jipya, na kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za mumeo. Mumeo hajambo. Amepungua kidogo. Ameanza kupika mwenyewe, na sitasema zaidi ya hapo.

Miezi minane imepita tangu tukuzike. Baada ya arobaini, Kaka Yohana alifungua karakana, nikiwa nyuma yake. Tulikuta nusu pipa la uji wa udongo limekauka na kupasuka kama bwawa la ng'ombe mwezi wa kumi. Kalibu zako saba za plasta, zile za kumiminia uji uwe bakuli, zilikuwa kwenye rafu, kila moja imefungwa mpira wake. Ukutani ulikuwa umebandika oda ya Mama Rehema, yule mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi: mabakuli ya mchuzi na visahani vyake. Tulitafuta mahali ulipoandika namna ya kuchanganya uji. Tulifungua hadi kopo la sindano. Hukuandika popote.

Kaka alisema neno ambalo nadhani alikuwa amelifikiria njia nzima kutoka nyumbani. "Mvua zikiisha hatujapata uji, kalibu zinakwenda Dodoma." Kuna bwana wa huko aliyekuwa tayari kuzichukua zote, na kijana mmoja wa kutengeneza simu alishakitaka chumba cha karakana. Sikumlaumu. Alikuwa haingii mle bila kukuona. Lakini Hadija, ambaye amemimina kwenye kalibu zile miaka kumi na moja na hana kazi nyingine, alisikiliza akiwa amesimama, huku akifuta kalibu ambayo ilikuwa safi tayari.

Siku hiyo hiyo tulifanya usafi. Lile tangi jeusi la nje, ulilokuwa ukikingia mvua ya bati, Kaka alilimwaga ili aweke mbegu zake za alizeti. Ufunguo wa kufuli la koki hatukuuona, tukalikata kwa msumeno. Tulicheka, wifi. Tulicheka vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilisema, "Hakuna mwanamke mwingine Singida nzima aliyewahi kuifungia mvua kwa kufuli." Hadija alicheka mpaka akakaa chini. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Tulimwuliza Hadija kuhusu mchanganyo. Akasema yeye ni wa kumimina. Uji ulikuwa unauchanganya wewe, Jumapili baada ya ibada, ili ulale na yeye aukute tayari Jumatatu. Akanitazama. "Aliyekuwa hapa Jumapili ni wewe, Shangazi."

Ni kweli. Jumapili zote nilikuwa pale, kwenye kigoda karibu na mlango, nakunywa chai yako, nasoma magazeti ya watu wengine na kuwalaumu wahariri. Wewe ulikuwa unakoroga pipa hatua mbili kutoka magotini kwangu. Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ya uandishi wa habari imekuwa kuuliza nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Nimewauliza wakuu wa wilaya, nimewauliza wezi wa mifugo. Wewe sikukuuliza swali hata moja. Nilikuwa shahidi pekee na sikutazama.

Nilikaa chini nikaandika nilichokumbuka. Hakikujaza nusu ukurasa. Nilikumbuka donge la magadi, yale yale ya kulainishia maharage, ukiyayeyusha kwenye kikombe cha maji ya moto kabla ya kuyamimina pipani. Nilikumbuka ulivyokuwa unachovya mkono na kuutazama uji ukidondoka kwenye vidole. "Huu ni wa mzazi," ulikuwa unasema ukiupenda. Ukiwa mzito au mwepesi kupita kiasi ulisema, "Huu ni wa mfungwa." Nilikumbuka kwamba udongo ukikukatalia ulianza kuusemesha Kinyiramba, na kwamba siku hizo nilikuwa napunguza sauti ya redio. Kijiko kilikuwa kidogo au kikubwa? Sikujua. Niliandika "kikubwa." Nilikosea, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye sana.

Tulianza na udongo mweupe, kwa sababu Kaka aliutaka na Mama Rehema aliutaka. Kaka alisema, "Udongo mwekundu ni wa vyungu. Mtu akikaa mezani anataka cheupe." Ule mweupe ulikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, unga laini kama wa ngano. Muuzaji aliniambia kwenye simu, "Mama, huu hauna shida, unatia maji tu." Kwa uzoefu wangu, mtu akisema jambo halina shida kabla hujauliza, uliza. Sikuuliza. Tulitia maji, tukaukoroga, Hadija akamimina. Plasta ilikunywa maji kama inavyopaswa, ngozi ya udongo ikashika ukutani mwa kalibu, akamwaga uliobaki, na baada ya saa chache akatoa bakuli zuri kuliko yote niliyowahi kuona mle. Samahani, wifi, lakini habari ni habari.

Tulilichoma, tukalipaka glezi ya kulifunika na kuling'arisha, tukalichoma tena. Lilitoka linang'aa kama kioo. Mama Rehema alikuja kulichukua mwenyewe, akalitia mchuzi wa kuku pale pale nyumbani kwake, juu ya kitambaa cha meza cha wageni. Alinipigia simu kabla adhuhuri haijafika. "Dada Ester, bakuli lenu linakojoa."

Hapo ndipo nilipojifunza kitu cha kwanza, nacho nimekithibitisha kwa fundi mmoja wa Dodoma, si yule bwana wa kalibu, na kwa majaribio yetu wenyewe. Udongo ule mweupe unataka moto mkali kuliko ambao tanuri letu linaweza kutoa. Tanuri letu linakula maganda ya alizeti, na maganda yana mwisho wake. Moto ukipungua hapo udongo mweupe unabaki chaki ndani, na glezi juu yake inapasuka vistari vidogo ambavyo jicho halivioni ila mchuzi unaviona. Cha pili alikiona Hadija. Aliliweka bakuli lile kwenye kisahani ulichokiacha wewe, likakataa kukaa. Lilikuwa kubwa kwa upana wa ukucha. Udongo mweupe haunywei sana ukichomwa, hausinyai. Kalibu zako ulizichonga kwa ajili ya udongo unaonywea zaidi. Kalibu zako zilikuwa zimeshachagua, wifi. Sisi ndio tulikuwa tunabishana nazo.

Basi tukarudi Misigiri, kwenye shimo lako la udongo mwekundu. Mjomba wako alitupakilia magunia manne. Hadija alichekecha, akaondoa mizizi, akaloweka. Nilitia magadi kijiko kikubwa, kama nilivyokuwa nimeandika. Uji haukutaka kuwa uji. Ulikuwa mzito kama ugali unaoanza kushika. Tukaongeza magadi, ukazidi. Tukaongeza maji, ukawa mwepesi juu na mzito chini, na mabakuli yakapasuka midomo kabla hayajatoka. Tukaongeza magadi tena. Mara ya tano bakuli liling'ang'ania kwenye kalibu, na Hadija alipolivuta lilitoka na kipande cha plasta. Magadi yalikuwa yameanza kuila kalibu. Ile kalibu kubwa, wifi, ya bakuli la familia. Sasa ziko sita.

Hadija hakulia. Aliketi kizingitini akakutaja: "Mama Neema angenifukuza leo." Nikamwambia usingemfukuza. Akasema, "Angenifukuza kwa Kinyiramba." Tukacheka kidogo, tukafunga karakana. Nakiri kwamba jioni ile niliandika ujumbe kwa yule bwana wa Dodoma kuuliza anakuja lini. Sikuutuma. Sikuufuta pia.

Asubuhi yake niliamua kufanya kazi ninayoijua. Nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikalitoboa chini kwa msumari. Nikamwambia Hadija kuanzia leo hakuna uji wa mzazi wala wa mfungwa; tutajaza kopo, tutaachia tundu, na simu yangu itahesabu sekunde. Kila jaribio tutabadilisha kitu kimoja tu. Kila jaribio litaandikwa. Hadija alitazama kopo, akanitazama mimi. "Sawa, Shangazi. Polisi wa uji." Jina limenibakia.

Tuliandika majaribio kumi na sita. Tulibadilisha magadi, tulibadilisha muda wa kuloweka, tulibadilisha chekeche. Uji ulichukua zaidi ya dakika moja kutoka kwenye kopo, na ukikaa nusu saa haukutoka kabisa. La kumi na saba lilitoka kwa sekunde ishirini na nne. Nilidhani nimebonyeza simu vibaya. Tukarudia. Ishirini na nne. Baada ya nusu saa, ishirini na sita. Hadija alichovya mkono, akauacha uji udondoke. Aliniangalia tu, na nikajua anaona vidole vyako.

Nilitazama daftari. Udongo ule ule. Magadi yale yale, kijiko kidogo. Chekeche ile ile. Nikamwuliza, "Leo umefanya nini tofauti?" Akasema hakufanya chochote. Nikauliza tena, taratibu, kama ninavyomwuliza mtu aliyeona ajali. Alitoka wapi, akashika nini, akaweka wapi. Ndipo akasema, kama kitu kisicho na maana: bomba lilikuwa halitoi maji tangu juzi, kwa hiyo alichota kwenye beseni lililokuwa chini ya bati. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri.

Nilikaa chini. Nilikumbuka kufuli.

Hukuifungia mvua kwa uchoyo. Uliitunza kwa ajili ya uji. Ulikuwa umejua, pengine kwa kuharibu mapipa mangapi sijui, kwamba maji ya bomba, yanayotoka kisima kirefu cha mtaani kwetu, ni mazito na yana chumvi chumvi, na kwamba udongo ukichanganywa nayo unagoma, hata uupe magadi ya soko zima. Nami nakumbuka siku bomba lilipofika mlangoni kwako. Nilikuwa nimeliandikia habari miaka miwili, nikawapigia kelele wahusika mpaka likafika. Nilikukuta na ndoo zako za mvua, nikakutania, "Wifi, nimekuletea bomba, bado unabeba ndoo?" Ukanijibu bila kugeuka, "Bomba lako ni la kuogea. Tena mchana, ili mtu aione sabuni inavyomkataa." Nilidhani ni maneno ya mawifi.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Nilifukua madaftari yangu ya mwaka ule wa bomba. Kuna ukurasa ambamo wanawake watatu wa mtaa wetu wananiambia kwamba maji ni mengi, wanashukuru, ila sabuni haitoi povu na maharage hayaivi. Nimewaandika, neno kwa neno. Katika habari iliyotoka hawamo. Niliwaondoa mimi, si mhariri. Niliona watachafua habari njema. Kwa hiyo ukweli niliokuwa nautafuta kwa kopo na sekunde ulikuwa kwenye kabati langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu, umekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Maji yale hayana madhara kwa mtu, na bado ninafurahi kwamba yalifika. Lakini wale wanawake walisema kweli na nikawanyamazisha kwa rula.

Tulifanya haki pande zote. Udongo mweupe nao tuliupa maji ya mvua. Ulitiririka vizuri sana, tukaumimina, tukauchoma. Ulivuja kama mwanzo, maana shida yake ni moto. Mwekundu wa Misigiri kwa maji ya mvua ulimiminika, ukashika, ukatoka kwenye kalibu wenyewe kabla Hadija hajagonga. Ukachomwa ukanywea mpaka kipimo chako. Bakuli likakaa kwenye kisahani likatulia. Ukiligonga kwa ukucha linalia, haliguni. Jana tukalijaza mchuzi, na leo Hadija amesema alichosema.

Kwa hiyo tumechagua. Uji wa karakana ni udongo wa Misigiri, maji ya mvua, magadi kijiko kidogo kwa ndoo, yayeyushwe kwenye maji ya moto, ulale usiku mmoja, utoke kwenye kopo kwa sekunde kati ya ishirini na mbili na ishirini na nane. Nimeuandika ukutani kwa rangi ya mafuta, chini ya oda ya Mama Rehema. Juu yake Hadija ameandika "Uji wa Mama Neema." Nilitaka kusahihisha nafasi kati ya herufi, nikajizuia.

Adhuhuri nilimpigia Mama Rehema. Nilimwambia mabakuli hayavuji, na kwamba ni mekundu, si meupe. Akasema, "Jekundu? Dada, wageni watasema nimewapa chungu." Nikamwambia sitamshawishi kwa simu. Nikasikia mpishi wake nyuma akisema kwa sauti ya mtu ambaye ameulizwa mara nyingi na kupuuzwa, "Mama, kwenye bakuli jeupe mchuzi wangu unaonekana wa hospitali." Mama Rehema akamwambia aendelee na vitunguu vyake. Halafu akaniambia, "Leteni nione. Na huyu naye aone, maana hatanipumzisha." Hajakubali. Nakuripotia alivyosema, bila kuongeza.

Kaka alikuja saa nane. Tulimpa bakuli, tukampa na ukurasa wa gazeti. Alilizungusha mkononi muda mrefu. Alipitisha kidole gumba ndani ya mdomo wa bakuli, pale ulipopenda kuacha ukingo mnene kidogo ili mtu anywe mchuzi bila kijiko. Alitoka nje, akampigia simu yule bwana wa Dodoma, na kwa kuwa Kaka anaongea kwenye simu kama anamwita mtu ng'ambo ya Ziwa Singidani, tulisikia wote. "Usije. Hapana, sio bei. Kalibu zina kazi." Kisha akaanza kuzihamisha mbegu zake za alizeti kwenye magunia, na Hadija akaingia ndani ya tangi na brashi. Mvua zimebaki kidogo, labda mbili, labda tatu. Bati limefagiliwa.

Mimi nakuahidi mawili, wifi, na unajua siahidi ovyo. La kwanza: kila Jumapili baada ya ibada nitakaa karakana na daftari, na nitamwuliza Hadija anachokijua mikononi mwake, swali baada ya swali, mpaka achoke nami. Ameshaanza kuchoka. La pili: wale wanawake watatu nimewatafuta. Wawili wapo, mmoja amehamia Ikungi. Nimeandika upya walichosema, kwa majina yao, na maelezo kwamba aliyewaondoa mara ya kwanza ni mimi. Mhariri amesoma, amekubali, anaitoa Ijumaa.

Kwaheri, Salome. Pumzika. Hapa tunaendelea.

Alhamisi saa tisa alasiri tutakuwa kwa Mama Rehema na mabakuli sita na visahani sita. Hadija atayabeba, Kaka ataendesha, na mpishi ameahidi kuku mmoja wa kienyeji awe tayari motoni.

Wifi yako,
Ester